Kambi Tatu, Sufuria Moja

Siku Mama alipofariki, maharage yalikuwa yamelowekwa kwenye bakuli la bati jikoni, na Baba alikuwa amekwenda kwa kinyozi. Mama alianguka uani, kati ya bomba na kamba ya nguo. Jirani yetu anayeuza mkaa ndiye aliyemwona, akaita gari, akampeleka hospitali yeye mwenyewe. Baba alirudi nywele zimekatwa vizuri, akakuta mlango wazi na bomba linamwaga maji. Akalifunga kwanza. Ndivyo alivyo. Miaka yote jeshini alikuwa fundi wa magari, na fundi haachi kitu kikivuja.

Jioni ile muuza mkaa aliyapika yale maharage kwa ajili ya watu waliokuja kutupa pole. Wakala wote. Baba peke yake ndiye aliyeisogeza sahani pembeni.

"Mzee, kula kidogo," jirani akamwambia. "Marehemu asingependa kukuona hivi."

"Marehemu alikuwa hapendi vitu vingi," Baba akajibu.

Tulidhani ni uchungu wa siku ya kwanza. Lakini mazishi yalipita, jamaa wakarudi makwao, naye akawa mtu wa chai ya rangi na kipande cha mkate anachokimega na kukiacha. Shati likaanza kumpwaya shingoni. Anatumia dawa za presha, na dada yangu, ambaye ni muuguzi, alitwambia wazi kwamba akiendelea kuzimeza tumbo likiwa tupu, safari ijayo tutampeleka hospitali yeye, na huenda tusirudi naye.

Hapa nieleze tulivyo. Tumezaliwa watatu. Mama alitupa vyeo vya nyumbani, maana alisema haiwezekani Baba awe mwanajeshi peke yake. Dada, mkubwa wetu, ni Meja. Kaka, dereva wa lori, ni Koplo. Mimi kitinda mimba, fundi cherehani, nilikuwa Kuruta na mpaka leo sijapandishwa cheo. Baba mwenyewe alistaafu akiwa sajenti tu, kwa hiyo Dada alipokuwa mdogo alikuwa akimdai saluti kabla ya kula. Naye Baba alikuwa anaipiga.

Meja ndiye aliyetoa wazo. "Tumpikie maharage ya Mama," alisema. "Yale yenyewe. Harufu tu itamwinua."

Tulikubaliana mara moja, jambo ambalo kwetu si la kawaida. Jumamosi asubuhi tukawa jikoni sote, Baba yuko sebuleni kwenye kiti chake, redio imezimwa, uso ameuelekeza dirishani. Tulichemsha maharage mengi, masufuria mawili, yakaiva vizuri. Vita vilianza Meja alipokaa kukuna nazi.

"Nazi ya nini?" Kaka akauliza.

"Ya maharage ya Mama. Ulifikiri ya kujipaka?"

"Mama hakuwahi kutia nazi kwenye maharage. Alikuwa anatia karanga. Zimesagwa, anazikaanga kidogo na kitunguu."

"Karanga? Wewe ulikuwa unakula kwa jirani."

"Na wewe muuguzi mzima unampa mgonjwa wa presha tui zito. Cheti walikupa au ulikiokota?"

Mimi nikasema wote wamekosea. Mama alikuwa anamalizia na maziwa, anayamimina moto ukiwa mdogo, nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalamba sufuria ya maziwa. Wakanigeukia kwa pamoja.

"Kuruta, nyamaza wakubwa wakiongea."

Hakuna aliyekuwa tayari kushindwa. Meja akamimina tui. Kaka akangoja ageuke kunawa mikono, akatia karanga zake, kikombe kizima. Nami, walipokuwa wakinyang'anyana mwiko, nikasogea na maziwa. Nikifikiria sasa, naona kila mmoja wetu aliogopa kitu kilekile: kwamba kama maharage ya mwenzake ndiyo ya kweli, basi Mama anayemkumbuka yeye hakuwapo.

Kilichopatikana kilikuwa kizito kama saruji, rangi ya udongo, mafuta yanaelea juu. Kaka akaonja, akatafuna muda mrefu kuliko maharage yanavyohitaji.

"Haya ukimpa mfungwa, anakata rufaa," akasema.

"Tuyamwage," nikasema.

"Tumwage tumpe nini?" Meja akauliza. Akakaa kwenye kigoda, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Anaisha pale kwenye kiti tunamwona, na sisi hatujui hata mama yetu alikuwa anapikaje."

"Mnapigana nini jikoni kwa mke wangu?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akaja taratibu, akauchukua mwiko mkononi mwa Kaka, akachota, akaonja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona akipeleka chakula mdomoni bila kubembelezwa. Akafumba macho. Akachota tena, kidogo tu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, mpaka nilipomsikia.

"Nani ametia kambi tatu kwenye sufuria moja?" akasema, anacheka.

Akavuta kiti, akakaa, akatueleza. Tui lilikuwa la kambi ya kwanza, ambako minazi ilikuwa mpaka nyuma ya vyoo. Meja alikulia huko, kisha akapelekwa shule ya bweni, na tangu hapo nyumbani akawa mgeni wa likizo. Kambi ya pili ilikuwa mahali pakavu, nazi hakuna, nyanya za kubahatisha. Huko ndiko alikokulia Kaka, kabla naye hajapelekwa bweni. Siku waliposhusha mizigo, mke wa dereva mmoja wa jeshi, waliyepakana naye ukuta, alimletea Mama bakuli la maharage ya karanga. Mama hakutaka kurudisha bakuli tupu, akalijaza maharage ya karanga aliyojaribu kuyapika mwenyewe.

"Yaliungua," Baba alisema. "Yule mama akaja mbio kumfundisha, anacheka tangu mlangoni."

Na mimi ni mtoto wa kambi ya tatu, kule kwenye baridi, ambako maziwa yalipatikana kwa urahisi zaidi kuliko maji ya moto.

"Kila nikihamishwa," Baba akasema, "mama yenu analia siku moja. Siku ya pili anakwenda kwa jirani kuuliza, watu wa hapa mnapika nini. Nikimwambia pika unavyojua, ananiambia, anayepika anavyojua atakula peke yake."

"Sasa yake yenyewe ni yapi?" Meja akauliza. "Tukupikie yapi, Baba? Sema tu."

Baba akautazama mwiko. "Hayo yote ni yenu. Mimi tangu tustaafu," akasema, na husema hivyo siku zote, tustaafu, kana kwamba Mama naye alikuwa na namba ya jeshi, "mimi nimelishwa maharage ya daktari. Chumvi hakuna. Mafuta hakuna. Kitunguu, tangawizi, limau, basi. Mabaya. Kila siku namwambia, mke wangu, hii ni adhabu, kosa langu nini? Ananijibu, maliza, ni amri."

"Ukamaliza?"

"Ningefanyaje? Anakaa mbele yangu ananitazama mpaka punje ya mwisho."

Halafu akasema polepole, kama mtu anayekiri maumivu kwa daktari: "Hayo ndiyo ninayoyataka. Watu wananiletea vitamu. Vitamu havipiti."

Hakuna kati yetu aliyewahi kuyala. Tulipokuja kuwatembelea, Mama alitupikia sisi ya kwetu. Baba akatutazama mmoja mmoja, akaona hivyo, akainuka na kukunja mikono ya shati.

"Nilikuwa nakaa hapo nachambua, yeye anapika, mimi nalalamika," alisema. "Kitu ukikilalamikia kila siku, unakijua."

Akavuta ile sufuria ya pili. Akatandika kitambaa mezani na kupanga kitunguu, kisu na limau kwa mstari, kama spana. Mimi akanifanya msaidizi wa gereji. "Tangawizi. Siyo hiyo, ile ndogo. Haya, sogea, unanizibia mwanga." Akakata vitunguu vikubwa vikubwa, na Kaka alipotaka kumsahihisha, Meja alimkanyaga mguu.

Tulikaa mezani sote. Yalikuwa mabaya kweli. Baba akala kijiko cha kwanza, tukamngoja.

"Bado," alisema. "Yake yalikuwa mabaya zaidi."

Lakini aliendelea, kijiko baada ya kijiko, mpaka sahani ikawa nyeupe. Meja akampa dawa, akameza. Ile sufuria ya kambi tatu aliichukua muuza mkaa, akairudisha jioni imekwisha, hata hakuuliza ni nini.

Siku hizi Baba anapika mwenyewe. Jumamosi tunakula kwake, na chumvi kila mtu anakuja na yake.