Kibodi Iliyomkataa Eliane

Kibodi ilizima tena Eliane akiwa katikati ya kuchapa nyimbo za kwaya. Modeste, mwenye kibanda cha uchapaji pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikuwa ameshaipangusa vumbi, akabadilisha tundu la kuchomekea waya wake, hata akanunua kibodi mpya mjini Mbarara. Bado ilimzimia Eliane. Pélagie, mchapaji mgeni, ilimtii kutwa nzima.

"Labda mikono yako ni mizito, dada," Pélagie alimtania, kisha akaenda mlangoni kucheka na Modeste.

Kicheko kile kilimchoma Eliane, aliyempenda Modeste mwaka mzima bila kuthubutu kusema. Akageuza kiti awaone vizuri, huku vidole vikiendelea kuchapa. Alipotazama kioo cha kompyuta, hakuna herufi iliyotoka.

"Imekufa tena!"

Pélagie ndiye aliyekuja, akainama chini ya meza. "Dada, ni kiti. Ukigeuka kuangalia mulango, muguu yake inakanyaga waya."

"Kwani anageuka mara ngapi?" Modeste akauliza.

Eliane akainamisha uso. Pélagie alimtazama kidogo, akaelewa.

"Leo tu," akamjibu Modeste, akiusogeza waya.

Wema huo ulimuuma Eliane kuliko kile kicheko.