Harufu ya Hoteli za Ketrina

Saa sita na nusu mchana, mwaka 2009, Restuta alivuka mpaka kutoka Zambia alikoolewa, akaingia hoteli aliyokulia pale Tunduma na kuagiza ugali maharage. Hoteli sasa ilikuwa na marumaru, televisheni, na viti vinavyofanana. Kibao bado kilisomeka KETRINA HOTELI: TUNDUMA, VWAWA, MLOWO. Ketrina ndiye mama yake.

Sahani ilikuja ikifuka mvuke. Hakunusa kitu. Wateja wengine walikwisha kuinuka, kila mtu na sahani yake, wanavuka barabara.

"Dada, wewe mgeni?" mhudumu alimwambia. "Hapa pa kuagizia. Pa kulia ni kwa bibi."

Bibi mwenyewe, Ketrina, alikaa kwenye kigoda nje ya chumba chake cha kupanga, kanga safi, mgongo wima kama anapigwa picha. Harufu ya maharage yaliyoungwa ilimzunguka. Madereva wa malori walikula kimya, kwa adabu ambayo wake zao hawajawahi kuiona.

"Umenenepa," Ketrina alimwambia mwanawe. "Nawa mikono."

Mambo yalikuwa hivi. Baba wa Restuta alipofariki, ukoo ulikaa kikao baada ya matanga, ukaandika kila kitu kwa mdogo wa marehemu, Fanueli: majengo, meza, sufuria, hadi miiko. Ketrina, aliyeanza na jiko moja la mkaa mwaka 1987, aliambiwa pole. Harufu walisahau kuiandika. Alipotoka na godoro lake, ikamfuata. Ya Vwawa ilifika kesho yake. Ya Mlowo ilichelewa, watu wakasema imekwama kwenye mizani ya malori. Tangu hapo wateja wa huko hupanda kosta na sahani zao wamezifunika.

Fanueli aliitisha kikao cha pili. Wakaongeza mstari: na harufu. Wazee wakaweka dole gumba. Harufu haikurudi.

"Mama, twende mahakamani," Restuta alisema.

"Nilikwenda. Hakimu akasema karatasi ya ukoo inatosha. Halafu akaniuliza chakula ni saa ngapi."

Ketrina alicheka mpaka kanga ikamlegea. Restuta hakucheka, ila alijikuta naye amenyoosha mgongo.

Saa nane kasoro Fanueli akaja, sahani mkononi, akapanga foleni nyuma ya utingo mmoja. Zamu yake ilipofika aliinamisha kichwa, akanyoosha mikono.

"Vua saa, shemeji, italowa."

Akaivua. Ketrina akammiminia maji ya vuguvugu polepole, mpaka kwenye viwiko, kama anavyonawishwa mtoto.

"Ahsante, shemeji."

Alikula akamaliza, akalamba vidole, akasifia chumvi. Kisha akaokota funguo za hoteli zote tatu alizokuwa ameziweka kando ya sahani, akavuka barabara kurudi kazini.