Sabuni ya Siku ya Kliniki

Pale Merigi hakuna aliyemshinda Rebeccah kwa usafi. Siku ya kliniki mwanawe Nelvine alisuguliwa kwa sabuni ya kunukia, akapakwa mafuta, kisha getini pa hospitali akabadilishwa nguo zote, nepi ikiwemo. Wauguzi walimsifu. Laiti wangejua!

Nelvine alikuwa na miaka mitatu na mifupa ya kuvunjika ovyo. Ukimvuta mkono tu, kwisha. Majirani wakanong'ona kwamba mama yake humpiga, na maneno hayo yalimchoma Rebeccah kuliko moto. Basi Daktari Bonareri alipotamka kwamba mtoto ana ugonjwa adimu wa kuzaliwa nao, wa mifupa dhaifu, Rebeccah nusura acheze. Kufurahia ugonjwa! Lakini wewe ungefanyaje, umeshaitwa mtesaji wa mwanao?

"Mifupa inataka maziwa," akasema mama mkwe wake, Kogo Esnah, akazidisha mursik. Asubuhi kikombe, jioni kikombe, maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu alichokitia majivu kwa mkono wake mwenyewe. Alimpenda mjukuu huyo kupita kiasi.

Ila mtoto akazidi kurudi nyuma. Hata kuita "kogo", yaani bibi, akaacha, akawa anatazama ukuta tu. Watu wakasema ni mifupa hiyo hiyo. Rebeccah akaitikia, ingawa alijua jambo ambalo hakumwambia mtu: mkojo wa Nelvine ulinuka kama panya aliyefia darini. Angeanzia wapi? Yeye, Rebeccah, mtoto wake anuke? Akaongeza sabuni. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini wahenga hawakukaa na majirani wa Rebeccah.

Siku moja, Rebeccah akipima majani chai kwenye kituo cha kuuzia, Nelvine aliteleza na mkono ukalia ka! Wakapakiwa kwenye bodaboda moja kwa moja hadi hospitali. Hakuna kuoga, hakuna mafuta, na nepi ni ile ya asubuhi.

Daktari Bonareri aliinama kuufunga ule mkono, akasita. Akanusa. Akanusa tena.

"Mama Nelvine, harufu hii ni ya leo?"

Rebeccah alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni ya siku zote, daktari," akasema, machozi yakimtoka. "Mimi huwa naiosha."

"Woi, mama! Na mimi niligundua ugonjwa mmoja nikaacha kutafuta mwingine."

Damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yalipokuja, daktari akamweleza polepole: kulikuwa na ugonjwa wa pili, adimu vilevile, wa kurithiwa kwa baba na mama. Mwili wa Nelvine haukuweza kukivunja kitu fulani kilichomo kwenye maziwa, nyama na maharagwe, kikawa kinajaa mwilini, kinaumiza ubongo na kutoa ile harufu. Angeachishwa vyakula hivyo, apewe unga maalumu usio na kitu hicho. "Kilichopotea huenda kisirudi chote," akasema. "Lakini tutazuia kingine kisipotee."

Kumwambia Kogo ndiyo ilikuwa kazi. Alisikiliza kibuyu kikiwa mapajani.

"Kwa hivyo ni mimi nilikuwa namlisha sumu?"

"Ni sisi wawili, Kogo. Wewe ulimimina, mimi nikaosha."

Kogo alilia wee! Kesho yake akaja na malenge kichwani. "Na hii? Imekubaliwa?"

Kliniki iliyofuata, Rebeccah hakumwogesha mtoto wala kumbadilisha. Alikaa kwenye benchi shingo juu, nepi imelowa, Kogo ubavuni mwake akimkodolea macho yeyote aliyethubutu kugeuka. Wakaingia. Daktari akaifungua ile nepi, akaiinamia, akanusa kwa muda.

"Mkojo," akasema. "Mkojo wa kawaida tu."

Rebeccah hakuamini. Akaichukua ile nepi mwenyewe, yeye msafi wa Merigi, akaileta puani mbele za watu, akaangua kilio cha furaha. Nelvine akageuka kutoka ukutani, akamtazama.