Mbingu Aliyoiomba Vernita

Mjomba Wilmer aliiweka picha mezani, akafuta mikono kwenye suruali, akangoja. Msichana aliyemchora kwa rangi za maji alikuwa katikati ya ngoma ya kipepeo ya kijijini kwao: taji la ubao lililochorwa mawingu kichwani, macho chini, mguu mmoja ukianza kuinuka. Kumzunguka hapakuwa na kitu, karatasi tupu.

"Ni mama yako," alisema. "Mwaka ule aliocheza. Ipeleke kwako Phoenix."

Vernita aliipenda, ila mdomo ulimtangulia. "Nzuri, mjomba. Lakini mbona hujaimaliza? Anaelea tu hewani, maskini! Mwekee mbingu basi, na ardhi ya kukanyaga. Itapendeza juu ya kochi langu."

Mzee alimtazama, akaitazama picha. Akachovya burashi.

Buluu ilishuka kutoka juu, ikafika kwenye taji, na mkono wake ulipoteleza ikaingia ndani. Mawingu yakayeyuka. Alipopaka udongo chini, ule mguu uliokuwa ukiinuka ukaganda kama umenasa topeni. Hapo ndipo Vernita alipofahamu kwamba ule weupe wote ulikuwa uwanja wa kijiji, kimya, watu wote wakimtazama mama yake. Alitaka kusema, "Basi, mjomba, inatosha." Lakini burashi ilikuwa tayari inamaliza kona ya mwisho.

Lavonne, mama yake, akaingia na bakuli la mchuzi wa kondoo na mahindi. Akasimama.

"We Wilmer! Umenitia matope miguuni? Nani kakutuma?"

"Uzee, dada. Mkono umeniponyoka."

"Uzee gani? Hujachora mbingu tangu uzaliwe!"

Uso wa Vernita ukawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni mimi, mama. Nilidhani hajamaliza."

Lavonne, ambaye hapitwi na utani, hakucheka. Aliweka bakuli mezani.

"Basi amekuona mgeni," alisema polepole. "Ungekuwa mtu wa nyumbani angekukatalia."

"Aa, mwache," mjomba akasema. "Kula, mwanangu, mchuzi unapoa. Nitakuchorea nyingine."

Wote watatu walijua macho ya mzee hayawezi tena kuchora picha kama ile. Vernita alikula asijue ladha ya anachokula. Alipoondoka aliibeba picha ileile, akailaza kwenye kiti cha mbele cha gari, rangi bado mbichi, na njia nzima hakuthubutu kuitupia jicho.