Ufizi wa Nalianya

Nalianya hakuwa amenyonya tangu jana, na Perez, mama yake, alimfunika leso uso mzima ili watu wasiuone mdomo. Foleni ya kliniki ilikuwa imetoka nje ya lango.

"Mfunue mtoto apate hewa, mama," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake, naye amepakata wa kwake. "Utamtokosa kama githeri."

Perez alijifanya hakusikia.

Juzi alikuwa hapa hapa, mtoto akiharisha, mwili moto. Sista Nzilani alimpa unga wa dawa wa kukoroga kwenye maji. Perez akauinua mdomo wa mtoto, akaonyesha vivimbe viwili vyeupe kwenye ufizi. "Na hivi, sista?"

Sista hakutazama. "Mambo ya meno ni hospitali kubwa. Sisi hapa ni tumbo na homa. Anayefuata!"

Aliyetazama ni mama mkwe wake, nyumbani. "Haya ni meno ya plastiki," akasema. "Ndiyo yanayomharisha. Yasipotolewa, utamzika."

Perez alikuwa ameshazika mmoja. Aliyezika habishani. Jana yeye alishika miguu ya mtoto, mama mkwe akashika spoki ya baiskeli.

Sasa zamu yake ikafika. Akisema, ataitwa muuaji. Asiposema, atapewa unga ule ule, na mtoto hamezi.

"Wewe tena? Unga umekwisha?"

"Hajaunywa, sista."

"Kwa nini?"

Perez akaifunua leso.

Sista Nzilani alisimama ghafla. Ufizi ulikuwa umechimbwa, umekuwa mweusi. Shavu lilikuwa limefura mpaka jicho likafumba. "Uuwi! Hayo yalikuwa meno yake tu, yanaota! Mbona hukuniuliza kwanza?"

"Nilikuuliza," Perez akasema, sauti nyembamba kama ya mtu aliyeshikwa akiiba. "Ulisema mdomo si kazi yenu."

Sista alimpokonya mtoto, akapiga kelele litafutwe gari la kumpeleka hospitali kubwa, akaanza kumdondoshea maji mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Maji yakarudi kidevuni. Akadondosha tena. Yakarudi.

Nyuma yao, yule mwanamke wa githeri alikuwa ameuinua mdomo wa mwanawe kwa kidole gumba. Mzaha ulikuwa umemwisha. "Sista," akasema, "na huyu wangu?"

"Mlete hapa nimwone."

Perez hakugeuka. Alikuwa akilitazama koo la Nalianya, akingoja limeze.