Njiwa wa Gauni la Ubatizo

Mimi Chencha Villarreal nimetoa madoa miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, hapa hapa San Antonio. Nimetoa mchuzi kwenye vitambaa vya meza za maharusi, nimetoa grisi ya lifti kwenye suruali ya meneja, na vingine sivitaji maana Krismasi imekaribia. Kwa hiyo Jumamosi ile Yadira alipopiga ukelele sebuleni kwangu, sikushtuka. Niliweka mwiko chini, nikaenda kuona.

Yadira ni binti wa kaka yangu. Tulikuwa tunafunga tamale, yaani unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda ya mahindi, za ubatizo wa mwanawe, mikono yake imejaa mafuta ya nguruwe na pilipili nyekundu hadi viwikoni. Na kwa mikono hiyo hiyo alikuwa amefungua boksi la mama mkwe wake. Kifuani mwa gauni jeupe la ubatizo lililokuwemo palikuwa na alama za vidole vinne, vyekundu, vinang'aa.

"Nilitaka tu kumpimia mtoto, shangazi."

"Kwa mikono hiyo? Una wazimu?"

"Nilisahau!" Akaanza kulia.

Ningemcheka, lakini gauni lile si la mchezo. Hortensia, mama mkwe wake, amewabatizia humo watoto wote wa ukoo, na lina njiwa wa hariri pembeni ambaye kila mtu ameambiwa alitariziwa na masista. Alikataa kulitoa wiki tatu nzima. Asubuhi ile alilileta, akaliweka juu ya kabati, akatangaza mbele ya kila mtu: "Likipata doa, huyu atakuwa mtoto wa mwisho wa Yadira kulivaa. Mikono ya mama yake naijua." Kisha akaenda kanisani kupanga maua. Ubatizo ulikuwa kesho yake.

"Miaka miwili naitafuta radhi ya yule mama," Yadira akasema. "Sasa nimekwisha. Ataniita mchafu mpaka nizikwe."

Akanyakua taulo.

"Wee! Ukisugua nakukata mkono!"

"Basi tulitie maji ya moto, halafu kwenye mashine ya kukaushia..."

"Ulipike kabisa? Joto likitangulia, mafuta yanaingia kwenye uzi na kukaa humo. Nenda kanawe, kisha kaa pale, usiguse kitu."

Nililaza gauni mezani, nikatia kipande cha boksi chini ya doa ili mafuta yasihamie mgongoni. Unga mkavu wa mahindi ulikuwepo tele, nikaumwaga juu yake, nikaugandamiza kwa kiganja. Nusu saa baadaye unga ulikuwa umenyonya mafuta, umegeuka rangi ya chungwa. Nikaukung'uta, nikageuza gauni ndani nje, nikatia sabuni ya vyombo kwa upande wa nyuma, nikaiacha ifanye kazi, nikasuuza kwa maji ya vuguvugu. Mara ya pili mafuta yalikwisha. Pakabaki wekundu wa pilipili tu, na huo hauna kiburi mbele ya jua.

Hapo ndipo nilipomwona njiwa kwa nyuma. Chini ya nyuzi zake kulikuwa na baka la njano, kubwa kama yai. Yesu na Maria! Doa la mafuta lililopigwa pasi mimi nalijua hata likijifunika blanketi.

Sikumwambia Yadira. Nilianika gauni uani, ndani nje. Ndivyo tunavyoanika nguo nyeupe, na pia, nitasema kweli, nilikuwa na hasira.

Hortensia alirudi kabla ya wakati. Alipoona boksi tupu alipitiliza hadi uani.

"Nani kafua gauni langu?"

Nilifungua mdomo nimtetee mtoto wa kaka yangu, lakini Yadira akanitangulia. "Nililichafua mimi, mama. Kwa mafuta na pilipili. Nisamehe."

"Nilijua! Si nilisema? Mikono ya huyu..." Akalikamata gauni pale kambani, na njiwa akawa mbele ya uso wake, kwa upande wa nyuma. Kidole chake kikaenda kwenye baka la njano.

"Lako limetoka, Yadira," nikasema. "Tazama kifuani, safi. Lililobaki si lako."

Hortensia akakaa juu ya ndoo. Nilikuwa nimejiandaa kumsema hadi jioni, lakini alivyokaa pale, hasira ikaniisha.

"Mafuta ya kuku," akasema. "Ramiro, mume wa huyu, ana miezi mitatu, ubatizo wake umekaribia. Mama mkwe wangu yuko jikoni, nami nimeliosha, nataka likauke upesi, nikalipiga pasi."

"Ukalipika."

"Nikalipika. Nikajifungia chooni nikatarizi njiwa huku nalia."

"Na masista?"

"Masista gani, Chencha!"

Mimi nilicheka. Yadira hakucheka. Alichuchumaa mbele yake akamwuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi, mama?"

"Kumi na tisa."

Kisha Hortensia akaniinulia macho. "Linatoka?"

"Mkwe mwenzangu, kwani unaongea na nani? Linatoka. Ila njiwa lazima aondoke."

Nikamletea mkasi mdogo. Akaushika, akamnyooshea Yadira.

"Fumua wewe," akasema. "Mikono yako naijua."

Yadira akaupokea.

"Lakini nawa kwanza," Hortensia akaongeza.

Doa la miaka thelathini na minne, umri wa Ramiro, lina ubishi. Nilililainisha kwanza kwa mafuta ya mtoto, nikatia sabuni, na hapo ndipo maji ya moto yalipopata ruhusa. Mara tatu. Mara ya nne nililiinua juani, tukatazama wote watatu, hatukuona kitu ila vitundu vya sindano.

Kesho yake kanisani mtoto alilia kama kawaida yao. Dada yake Hortensia, mwenye macho ya kipelelezi, aliinama akakagua gauni, akakunja uso.

"Hortensia, njiwa wa masista kaenda wapi?"

Hortensia akamshika Yadira mkono, akamvuta karibu.

"Karuka," akasema.