Koti Chini ya Mikanda

Kila alipomkabidhi baba yake mtoto, Kirsten alirudia maneno yale yale: "Baba, koti linavuliwa kwanza. Unamfunga mikanda ya kiti chake cha gari, halafu unamfunika koti kwa juu."

"Wewe nilikulea bila kiti chochote," mzee Arvid alizoea kumjibu, "na bado uko hai unanisumbua."

Siku hiyo baridi ya Minnesota ilikuwa ya kukata masikio. Linnea, wa miaka mitatu, alitoka chekechea amevaa koti nene lililotuna kama mto. Babu yake akamwonea huruma, akamfunga nalo hivyo hivyo. Kwa macho, mikanda ilikuwa imekaza.

Karibu na kanisa kulungu alikatiza barabara. Arvid alikanyaga breki, gari likateleza na kugonga tuta la theluji. Yeye hakupata hata mchubuko. Lakini koti lilibonyea, mikanda ikawa imelegea, na Linnea akachomoka mabega, akarushwa mbele. Mdomo ulipasuka, mkono ukavunjika.

Hospitalini, Kirsten alimbusu mtoto aliyelala, kisha akaketi kando ya baba yake.

"Ni mimi, Baba. Jana nilikitoa kile kiti garini mwako nikakiosha. Lazima nilikirudisha vibaya."

"Usijilaumu, mwanangu," Arvid alisema.

Kirsten akamshika mkono, akamshukuru. Shukrani ile ilimchoma mzee kifuani.

"Kiti kilikuwa sawa," alisema hatimaye. "Sikumvua koti."

Kirsten aliuachia mkono wake.

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Mara ngapi, Baba?"

Wiki zikapita bila Arvid kuachiwa mtoto, naye hakuthubutu kuomba. Kisha Kirsten akampigia simu. "Njoo nione unavyomfunga."

Mbele ya nyumba, Arvid alimvua mjukuu wake koti, akaupitisha taratibu mkono wenye plasta, akavuta mikanda mpaka vidole vyake vikashindwa kushika mkunjo wowote wa mkanda begani.

"Babu, nasikia baridi."

"Najua, bibie. Vumilia kidogo." Akamfunika koti kwa juu.

Kirsten alikagua kila mkanda, asione kosa.

"Sawa. Lakini leo naendesha mimi. Wewe kaa naye nyuma."

Mzee akaingia nyuma bila kubisha.